Wigi la mahafali: muulize mteja haya kabla hujapokea hela

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne ndio huo unakuja, na sisi tunaouza nywele mtandaoni tunajua Septemba na Oktoba simu haipoi. Naomba niwaeleze kitu kilichonigharimu mimi, ili wewe kisikukute.

Mwaka wangu wa kwanza niliuza mawigi 11 ya mahafali. Nikajiona nimeshatoboa. Jumapili asubuhi naamka, nakuta ujumbe wa sauti wa mama mmoja mteja wangu, hata salamu hakuna: "Dada, wigi lako limemvuka mwanangu anacheza katikati ya ukumbi." Nikampigia, shikamoo mama, samahani sana mama. Akaniambia binti alikimbilia chooni na hakutoka mpaka keki imeshakatwa. Nilirudisha 45,000 yote na nauli ya mzigo juu. Ila hela sio iliyoniuma. Mtoto kasubiri miaka minne siku yake, mimi nimemharibia kwa wimbo mmoja.

Nikakaa nikatafuta kosa, maana wigi lenyewe lilikuwa zima. Kumbe shida ni kichwa. Mimi nilikuwa najaribisha mawigi kwenye kichwa changu chenye twende kilioni. Mwanafunzi wa bweni mara nyingi kanyoa, nywele hazifiki hata nusu ya kidole. Vile vitana vidogo vilivyoshonwa ndani ya wigi vinahitaji nywele za kung'ata. Kwenye kichwa kilichonyolewa havina pa kushika, na kwa kuwa hakuna msuko wa kujaza ndani, kofia yote inapwaya. Akisimama kupiga picha liko poa. Muziki ukianza na jasho likitoka, kwaheri.

Halafu anayelipa sio anayevaa! Anayelipa ni mama, shangazi au dada mkubwa. Mvaaji yuko shule, simu hana. Kwa hiyo nikianza kuongea na mteja, bei inasubiri kwanza.

Namuuliza: nywele za binti zina urefu gani sasa hivi? Nimesema sasa hivi, sio kwenye picha ya likizo iliyopita. Kama hazisukiki, wigi la vitana peke yake simpi.

Namuomba na kipimo. Tepu ile ya fundi cherehani: anzia mbele pale nywele zinapoanzia, pita juu ya sikio, zunguka chini ya kisogo, rudi ulipoanzia. Kofia ya saizi ya kati ni kama inchi 22 na nusu, yaani sentimita 57. Mabinti wengi niliowahudumia wako chini ya hapo wakiwa wamenyoa. Mama akienda siku ya kutembelea wanafunzi abebe tepu kwenye pochi, ni dakika moja tu. Ikishindikana kabisa, nampelekea fundi ashone mkanda wa lastiki kwa nyuma, kutoka sikio moja hadi lingine, halafu ndani naweka kanda ya velveti ya kuvaa kichwani kabla ya wigi. Velveti haitelezi kwenye ngozi na inashikilia kofia. Kanda haina bei, usimbanie mteja kwa hiyo.

Swali la mwisho: anavaa wapi, na analivua lini? Shule nyingine wakati wa sherehe yenyewe wanataka sare na nywele zao, wigi ni la usiku kwenye pati. Na mahafali yanafanyika kabla ya mtihani, mtihani uko Novemba, kwa hiyo binti anarudi darasani na kichwa kilekile. Ndiyo maana mimi siuzi gundi kwa mwanafunzi, hata mama akibembeleza. Akiibandua kwa haraka inaondoka na nywele za mbele, na kuna ngozi zinawasha na kuvimba. Nani ataulizwa? Wewe.

Kama wigi ni la sintetiki, mwambie mapema asiweke pasi ya nywele. Linaungua na kujikunja, halirudi tena.

Kuna watakaosema maswali mengi yanafukuza wateja. Kweli, wawili watatu wanakimbia. Lakini siku hizi kabla sijaposti wigi najirekodi nimelivaa nimebana nywele zangu chini kwa kofia laini ya soksi, nainama, natingisha kichwa, nacheza nusu wimbo. Video mbaya kabisa, taa yenyewe ya chumbani. Ndiyo inayoniuzia kuliko picha zote nilizowahi kulipia.

Mzigo wa mkoani natuma wiki mbili kabla, ajaribu akiwa na kofia ya neti ndani. Likipwaya tunabadilishana. Likishavaliwa ukumbini silipokei, na hilo namwambia kabla hajalipa, sio baada.

Yule mama bado mteja wangu. Mwaka jana ilikuwa zamu ya mdogo wake yule binti, akanitumia vipimo kabla hata sijamuuliza.