Binti yangu hakutaka kufananishwa na Akhwari

Mzazi mwenzangu, siku binti yangu aliposhika mkia kwenye mbio za mita 3,000, watu watatu tulimpa habari ileile kabla jua halijazama. Wa kwanza alikuwa mwalimu wake wa michezo, palepale uwanjani. Wa pili mama yake, akimchemshia maji ya kuoga. Wa tatu mimi. Sote tulimsimulia John Stephen Akhwari.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema: "Baba, nimeelewa. Ila mimi sitaki kusifiwa kwa kuwa wa mwisho."

Yuko kidato cha pili. Tunaishi Chanji, hapa Sumbawanga, na mashindano yenyewe yalikuwa ya kuchagua timu ya UMISSETA. Ilikuwa Mei, baridi ya Ufipa imeshaanza kuuma. Wasichana wawili walimpita mzunguko mzima, na alipomaliza, watu waliokaa kwenye nyasi wakampigia makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyomliza. "Walikuwa wananionea huruma," alisema. Usiku ule raba zake alizipandisha juu ya kabati, mahali tunapoweka vitu visivyotumika.

Habari ya Akhwari tunaijua sote, au tunadhani tunaijua. Ni Oktoba 20, 1968, mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City. Mtanzania kutoka Mbulu anaanguka njiani, anaumia goti na bega, anafungwa bandeji na kuendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari anaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeingia, watazamaji wengi wameondoka, naye anachechemea hadi kwenye mstari kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Ni jibu zuri, na silipingi. Lakini sisi wazazi tumeigeuza habari hii kuwa panadol. Mtoto akifeli Hisabati, Akhwari. Akikosa namba kwenye timu, Akhwari. Hatuulizi mtoto anaumwa wapi.

Kesho yake jioni aliniomba simu. Nilijua anataka muziki, nikamnunulia bando la shilingi elfu moja ili nipumzike na kilio. Baada ya chakula nikamkuta bado ameinamia kioo, na pembeni ana daftari la zamani la Jiografia lenye kurasa zilizobaki. Alikuwa anasoma na kunakili tarehe na muda. Kwa muda mrefu nimelalamika kwamba mtoto huyu hasomi. Kumbe hajawahi kupata swali lake mwenyewe.

Alichokiandika nakumbuka vizuri kwa sababu alinisomea. Mexico City walianza wakimbiaji 75. Waliomaliza ni 57, Akhwari akiwa wa 57. Kwa hiyo 18 hawakufika, na mmoja wao ni Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 1960 na tena 1964. Siku ile aliumwa akatoka njiani. "Baba, unaona? Wa mwisho alikuwa na watu kumi na wanane nyuma yake."

Kisha akaongeza la mji wenyewe. Mexico City iko mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko hata huku kwetu Ufipa, hewa ni nyembamba.

Lakini ukurasa aliotaka niuone ulikuwa unaofuata. Julai 1970, chini ya miaka miwili baada ya Mexico City, Akhwari alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Akawa wa 5, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Ron Hill wa Uingereza ndiye aliyeshinda. Muda huo wa Akhwari, alinionyesha kwa kidole, ni mdogo kuliko aliotumia Wolde kuchukua dhahabu. Nikamkumbusha kwamba njia si ileile wala hewa si ileile, hawezi kulinganisha hivyo. Akakubali, ila hakufuta.

"Mbona hamkuniambia hii?" aliuliza. "Mmeniambia alivyoanguka tu. Nikadhani alikuwa hajui kukimbia, sawa na mimi."

Sikuwa na jibu, maana hata mimi sikuijua Edinburgh. Kwa zaidi ya miaka hamsini tumembeba mtu huyu kwa saa moja ya maisha yake, ile iliyopigwa picha za filamu. Tumemsifu mpaka tumemsahau kwamba alikuwa mkimbiaji hodari ambaye siku moja goti lilimwangusha. Mtoto aliyeshindwa anahitaji kumwona mtu aliyeshindwa akiwa na uwezo, kisha akarudi. Sisi tulimpa bandeji peke yake.

Filbert Bayi naye ana nusu ukurasa: rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch, Februari 2, 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo. Alphonce Simbu ana ukurasa mzima, kwa sababu yeye ndiye aliyemfanya aombe raba. Septemba 2025 alichukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, muda wake ukiwa sawa kabisa na wa Mjerumani Amanal Petros, ikabidi waamuzi waangalie picha. Chini yake ameandika: "Paris 2024, wa 17." Amepigia mstari.

Ukurasa mmoja ameukunja. Ni wa Asbel Kiprop wa Kenya.

Huyu aliwahi kumpenda kwa video za mbio zake. Beijing 2008 alimaliza wa pili mita 1,500. Mwaka uliofuata Rashid Ramzi wa Bahrain akanyang'anywa dhahabu kwa kutumia dawa, ikaenda kwa Kiprop. Baadaye Kiprop akawa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2011, 2013 na 2015. Halafu sampuli aliyotoa Novemba 2017 ikakutwa na EPO, akafungiwa miaka minne. Mwenyewe alikana, jopo halikumkubalia.

Mama yake aliposikia alisema kwa sauti ya juu: ndiyo maana hataki mwanawe ajiingize huko, mwisho wake ni kudungwa sindano. Sikumcheka. Mzazi anayeona mtoto anatoka alfajiri, baridi kali, kwenda kufundishwa na watu asiowajua vizuri ana haki ya kuuliza anapewa nini kunywa. Tumekubaliana kwamba hakuna kidonge wala kinywaji cha kuongeza nguvu kitakachopita mdomoni mwake bila sisi kukiona, hata kikitoka kwa mwalimu. Suala la kukimbia kwenyewe bado tunabishana.

Binti aliuliza jambo ambalo sisi wawili hatukulifikiria: je, medali ya Beijing aliirudisha? Tulitafuta pamoja. Hapana, adhabu ilihusu sampuli ya 2017, ya Beijing ni yake bado. Akakaa kimya muda mrefu. Nilidhani atachana ukurasa. Akaukunja tu, akasema hajui amweke wapi, na atamwacha hapo kwanza. Nilimwacha naye. Yapo mambo ambayo hata mimi, kwa umri huu, nimeyakunja hivyohivyo.

Jumamosi iliyopita niliamka nikakuta raba hazipo juu ya kabati. Alikuwa mlangoni ananisubiri, amevaa sweta la shule, mkononi ana simu yangu. Alitaka nimpimie muda. Kuna kipande cha barabara ya vumbi tulichokipima kwa pikipiki ya jirani, kilomita moja na nusu kwenda, na kurudi vilevile. Nilisimama pale nikitetemeka mpaka akatokea, mdomo unatoa mvuke.

Dakika 14 na sekunde 20. Aliiandika kwenye daftari, chini ya Edinburgh, akaniomba nisimwambie mwalimu.