Maembe yamejaa sokoni? Yapike achari kabla hayajaoza

KUANZIA Desemba hadi Machi, embe huwa halina maringo. Mikokoteni imejaa ngowe za Pwani na apple za Makueni na Machakos, na muuzaji anakuongeza mawili hata kabla hujaomba. Unabeba mfuko mzima, siku ya tatu nusu yameoza na nzi wadogo wamehamia kwako. Kama huna friji, dawa yako ni achari.

Sizungumzii ile ya pakiti unayonunua ukipunga upepo Mama Ngina, embe kavu lililopakwa pilipili na rangi nyekundu. Tamu ndiyo, lakini hii ni ya kupikwa, ya kuweka kando ya pilau, au ya kuokoa ugali na maharagwe tarehe zikiwa mbaya.

Chagua maembe yaliyokomaa lakini bado magumu. Yaliyoiva yatageuka uji. Kilo mbili, ukishamenya na kutoa kokwa, hubaki kilo moja na kitu. Katakata vipande vidogo. Ongeza vitunguu vitatu, karoti mbili, tangawizi, punje tano za saumu, pilipili kadiri utakavyovumilia, kijiko cha manjano, kijiko cha chumvi, sukari nusu kilo na siki nusu lita. Soma lebo ya siki: asidi isipungue asilimia 5.

Halafu kuna mambo ya sufuria. Wengi wetu tunapikia za alumini, na siki huila alumini, achari ikatoka na ladha ya chuma. Azima kwa jirani ile isiyoshika kutu. Pika kwa moto mdogo kama saa moja, ukikoroga, hadi mwiko ukipita uache njia chini ya sufuria.

Sasa, wengi wakiona siki nusu lita hushtuka, wakapunguza. Usijaribu! Siki haiko hapo kwa ladha tu. Uchachu wake ndio unaozuia bakteria wa botulizimu, ambao hustawi katika chakula kilichofungwa bila hewa. Sumu yao huweza kuua, na huenda usione wala kunusa chochote. Ukiona achari ni kali, ongeza sukari, siki uiache.

Chupa za jemu ulizoficha chini ya sinki zinafaa, mradi kifuniko hakina kutu. Zichemshe kwanza. Mombasa dakika 10 zinatosha. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hivyo zipe dakika 16 hivi. Jaza achari ingali moto, chupa nazo zikiwa moto, ufunge papo hapo.

Ivumilie wiki tatu au nne. Ukiionja mapema siki itakupiga puani. Tumia chupa ndogo ndogo, ukifungua moja uimalize upesi, na kijiko kiwe kikavu. Ukiona ukungu, tupa yote. Hakuna kukwangua juu.

Majirani nao wataanza kuuliza bei. Kabla hujaota kuhusu supamaketi, jua kwamba chakula kilichopakiwa cha kuuzwa kinahitaji alama ya ubora ya KEBS, na meneja ataiulizia kabla hajaonja. Msimu huu pika za nyumbani kwanza, na uandike tarehe kwenye kila chupa.