Usinitumie Picha ya Kichupa

"Dada mfamasia, shikamoo. Naomba uniangalizie hii, ni orijino au feki?" Chini ya ujumbe kuna picha: kichupa cha kioo chenye urefu wa kidole gumba, kifuniko cha plastiki cha buluu, mkanda wa aluminiamu shingoni, unga mweupe ulioshikana chini, lebo yenye hologramu. Wengine wameagiza semaglutaidi ya kupunguza mwili, wengine glutathioni ya kung'arisha ngozi, na siku hizi vijana wa mazoezi wanauliza BPC-157 ya kuponya misuli. Mzigo umenunuliwa mtandaoni, ukapakiwa kwenye buti la basi Dar es Salaam hadi Mombo, kisha ukapandishwa kona za Soni mpaka Lushoto mjini. Kwa herufi ndogo, lebo inasema bidhaa hii ni ya utafiti wa maabara tu, si ya kutumiwa na binadamu. Muuzaji anajikinga kisheria kwa mstari huo, na mnunuzi anauruka.

Jibu langu naliandika hapa ili nisilirudie tena: picha haiwezi kujibu swali hilo. Hata ukiniletea kichupa chenyewe kaunta, nikakigeuza juani na kukisoma kwa miwani, sitaweza kukwambia kilichomo. Hakuna mfamasia anayeweza.

Vichupa vitupu, mipira na vifuniko vya rangi zote vinauzwa kwa maelfu kwa yeyote mwenye hela. Mkanda wa aluminiamu unabanwa kwa koleo la mkono juu ya meza. Hologramu ni stika. Ukiskani msimbo wa QR, unakupeleka kwenye ukurasa wa muuzaji huyohuyo. Na ule unga mnaousifia kwamba "umekaa vizuri" kwa kawaida ni manitoli, sukari ya kujazia. Miligramu 5 za peptidi pekee, yaani dawa yenyewe, zikikaushwa huacha utando mwembamba ambao utauona kwa shida. Kichupa chenye manitoli tupu kitapendeza macho vilevile, na kama kilifungwa hewa ikiwa imeondolewa, kitayavuta maji ya kwenye sindano vilevile.

Namba ya toleo nayo haikusaidii. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu sindano bandia za Ozempic, jina la kibiashara la semaglutaidi, zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Moja ilikuwa na namba ya toleo ya kweli kabisa, iliyowahi kutumiwa na kiwanda, lakini dawa yenyewe ilikuwa ya kughushi. Hapa kwetu, mwaka 2012, dawa bandia za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikutwa katika Hospitali ya Wilaya ya Tarime. Zilikuwa zimeshaingia hospitali ya serikali, penye wataalamu. Wewe unategemea nini ukiangalia lebo kwenye simu?

Hapo ndipo watu huniletea hoja wanayodhani imefunga mjadala: "Lakini hii ina cheti cha maabara, usafi asilimia 99." Cheti hicho ndicho kinachowaponza watu waangalifu, wale wasioweza kudanganywa na stika, kwa hiyo nitakaa nacho kidogo.

Asilimia 99 ya nini? Mashine ya kromatografia inatenganisha mchanganyiko na kuchora vilima kwenye grafu. Usafi wa asilimia 99 maana yake kilima kikuu kimechukua asilimia 99 ya eneo la vilima vyote ambavyo mashine imeviona. Basi. Kilima hicho ni cha peptidi gani? Hilo linahitaji kipimo kingine, cha uzito wa molekuli. Kichupa kina miligramu ngapi? Hilo nalo ni kipimo kingine. Lebo inaweza kusema 5, ndani zikawa 2 au 12, na usafi ukabaki 99 bila mtu kusema uongo. Maji, chumvi na manitoli havionekani kwenye grafu. Bakteria hawaonekani. Sumu zao hazionekani.

Halafu nani alichagua kichupa kilichopelekwa kupimwa? Muuzaji. Hata maabara ikiwa huru kiasi gani, itapima kile ilicholetewa. Anaweza kupeleka kilicho bora na kukuuzia kingine, au akachukua cheti cha toleo la mwaka jana na kubadilisha tarehe. Dawa iliyosajiliwa ni habari nyingine: TMDA, mamlaka ya dawa nchini, inachambua taarifa za dawa, inakagua kiwanda, na inachukua sampuli sokoni bila kumwomba muuzaji achague. Ukaguzi huo huwezi kuufidia kwa karatasi ya PDF iliyotumwa WhatsApp.

Sumu ninazozisema zinaitwa endotoksini, vipande vya kuta za bakteria ambavyo hubaki hata bakteria wakifa. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kisa cha wagonjwa 7 waliochomwa sindano za glutathioni iliyotengenezwa kwa unga wa daraja la virutubisho vya kumeza. Walipata kichefuchefu, baridi kali, maumivu ya mwili, shida ya kupumua na presha kushuka. Ule unga ulipopimwa, endotoksini zilikuwa juu mno. Glutathioni ilikuwa glutathioni kweli. Wanaoniambia "mimi nachemsha maji ya kuchanganyia" wajue kwamba endotoksini haziondoki kwa kuchemsha wala kwa spiriti. Viwanda huoka vichupa vitupu kwenye nyuzi 250 kwa nusu saa ili kuziangamiza, na peptidi haivumilii joto la namna hiyo. Ukimeza kitu kichafu, tumbo lina ulinzi wake. Sindano inaupita ulinzi huo wote.

Wengine hawakupata hata peptidi waliyolipia. Oktoba 2023 nchini Austria watu walilazwa sukari ikiwa imeshuka hatari baada ya kujichoma Ozempic bandia. Mamlaka za huko zilishuku kuwa ndani mlikuwa na insulini.

Milima yetu ya Usambara iliwahi kuifanya kazi hii ya kupima dawa sawasawa. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902 na kupanda mikwinini, na Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za bahari, kwinini ya askari ikatengenezwa kwa magome ya miti hiyo. Magome ya miti miwili inayofanana yanaweza kutofautiana sana kwa kiasi cha kwinini, na jicho la mkulima halitambui. Kinachotambua ni uchambuzi wa kemia. Zaidi ya miaka mia baadaye, mtu wa Usambara hana sababu ya kurudi kwenye kukisia kwa rangi ya kifuniko.

Na baridi ya Lushoto si friji. Semaglutaidi ambayo haijaanza kutumika hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na kabla ya kufika huku juu mzigo wako ulishapikwa kwenye buti la basi.

Sasa ufanye nini? Kama shida ni uzito au sukari, nenda hospitali upimwe sukari na presha, ujue kwanza kama unahitaji dawa. Metformini ipo, ni ya bei nafuu na inajulikana. Ukiandikiwa sindano, inunue famasi yenye mfamasia, dai risiti, hakiki usajili kwenye tovuti ya TMDA. Glutathioni ya kung'arisha ngozi, achana nayo. BPC-157 haijathibitishwa kwa binadamu, na tangu 2022 imo kwa jina kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua michezoni, kwa hiyo mwanariadha atafungiwa pia. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye kisukari anayetumia insulini, usiguse. Kama umeshachoma, acha leo, usitupe kichupa. Kiweke kwenye friji, kilete pamoja na boksi na ujumbe wa muuzaji, tutajaza fomu na kumpa taarifa mfamasia wa wilaya. Usijipimie dozi kwa video: mwaka 2024 Marekani ilitoa onyo kwa sababu watu walikuwa wakijichoma semaglutaidi mara 5 hadi 20 ya kipimo baada ya kuchanganya alama za bomba la sindano. Sehemu uliyochoma ikivimba na kutoa usaha, usiikamue. Homa na baridi kali ndani ya saa chache baada ya sindano, hospitali usiku huohuo. Jasho jingi, kutetemeka, kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka: mpe mgonjwa sukari au juisi kama anaweza kumeza, umkimbize hospitali. Akishapoteza fahamu usimmiminie chochote mdomoni. Mlaze ubavu, tafuta gari, na ukifika mweleze daktari alichoma nini, lini na kiasi gani, hata kama mwenyewe alikuomba usiseme.