Ichaneni Chati ya Morse

Kijana wa Lupembe akipata seti ya vipande vya kuundia kifaa cha kujifunzia Morse, swali lake huwa lilelile, kabla hata hajalehemu waya wa kwanza: "Fundi, chati ya herufi nitaipata wapi?" Wengine wanakuja wameshaichora ukutani, nukta na vistari kuanzia A hadi Z. Jibu langu halibadiliki: chati hiyo ichaneni. Itawachelewesha, na wengi itawakatisha tamaa kabisa.

Wanaoitetea husema lazima kwanza ujue kwamba A ni nukta na kistari, kisha kasi itakuja yenyewe. Kasi haiji. Aliyejifunza kwa macho ana kazi nne kila herufi inapolia: kuhesabu milio, kuigeuza kuwa nukta na vistari, kuitafuta kwenye chati iliyomo kichwani, ndipo aandike. Kwa maneno 5 kwa dakika anawahi. Akikaribia 10 anakwama, kwa sababu herufi ya pili inaingia ya kwanza haijapatikana. Hapo ndipo watu wanapojitangaza hawana kipaji. Kipaji wanacho, walichofundishwa ndicho kibovu.

Chukua maneno 20 kwa dakika, kasi ya kawaida hewani. Nukta moja hudumu milisekunde 60. H ni nukta nne, tarakimu 5 ni nukta tano, na kinachozitenganisha kinapita ndani ya milisekunde 120. Hakuna anayehesabu kwa kasi hiyo. Anayezitambua anaujua mdundo mzima wa kila moja.

Wala ugunduzi huu si wa jana. Mashine iliyopeleka ujumbe kutoka Washington hadi Baltimore mwaka 1844 ilitengenezwa kwa ajili ya macho: ilichora alama kwenye utepe wa karatasi, karani akazisoma. Baada ya muda makarani wakaona kwamba wanauelewa ujumbe kwa mlio wa mashine tu, bila kuutazama utepe. Wakubwa wao wengine waliwakataza, wakiamini karatasi ndiyo salama. Makarani wakashinda, utepe ukaondolewa, kikabaki chombo cha kutoa mlio. Basi kwa nini leo tunamrudisha mtoto kwenye utepe?

Zile picha za kwenye simu zinazoficha nukta ndani ya umbo la herufi ni chati ileile. Na anayeniomba nimfungie taa badala ya spika namkatalia, kwa kuwa taa inarudisha kazi machoni. Mtoto husema "mama" miaka mingi kabla ya kuijua herufi M. Morse nayo huingia kwa mlango huohuo.

Njia sahihi inajulikana tangu miaka ya 1930, alipoionyesha mwanasaikolojia wa Ujerumani, Ludwig Koch: anza na herufi mbili tu, zikilia kwa kasi kamili, na usiongeze ya tatu mpaka upate tisa katika kila kumi. Kiswahili kinatupendelea hapa. Chukua K (daa-di-daa) na M (daa-daa). Ongeza A (di-daa), tayari una kama, kaka na mama. Ongeza U (di-di-daa), unapata kuku, maua na kamua. Ongeza S (di-di-di), unaandika kasuku na sukuma. Herufi tano, na sikio limeshaanza kushika maneno mazima.

Sasa kifaa chenyewe. Aisii 555, betri ya volti 9, spika ndogo. Mguu wa 1 uende hasi. Wa 8 na wa 4 iende chanya. Wa 2 na wa 6 iunganishwe. Kati ya 8 na 7 weka rezista ya kiloohmu 1, kati ya 7 na 6 ya kiloohmu 10, kati ya 6 na hasi kapasita ya maikrofaradi 0.1. Mguu wa 3 upitie rezista ya ohmu 100 na kapasita ya maikrofaradi 10, chanya yake ikielekea kwenye aisii, hadi kwenye spika, kisha hasi. Utapata mlio wa karibu hezi 690. Kibonyezo kikate waya wa chanya wa betri. Kwa kibonyezo hicho, kipande cha msumeno wa chuma kinatosha. Unapobonyeza, kistari kiwe sawa na nukta tatu, nafasi kati ya herufi nukta tatu, kati ya maneno saba.

Kifaa hiki hakirushi mawimbi, hivyo hakihitaji leseni. Siku utakapotaka kurusha, nenda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Tangu mkutano wa dunia wa redio wa Geneva wa 2003, masharti ya kimataifa hayamlazimishi mrushaji wa ridhaa kujua Morse, kwa hiyo anayejifunza ajifunze kwa kupenda.

Usifanye mazoezi peke yako, maana kujibonyezea hakufundishi kupokea. Tafuta mwenzako mpokezane, au tumia programu ya simu itakayokutumia herufi kwa kasi kamili, nafasi kati yake zikiwa ndefu. Ukipata redio ya masafa mafupi yenye SSB, inayofanya Morse isikike kama mlio, tegesha megahezi 14.100 usikilize kituo cha Kenya, 5Z4B, kinapokuwa hewani: kinajitaja kwa maneno 22 kwa dakika. Dakika kumi na tano asubuhi, kumi na tano jioni, kila siku. Ukutani pasiwe na kitu.