Uso Usimezwe na Giza: Riflekta ya Katoni na Fito kwa Wapiga Picha wa Vikundi



Wengi wenu mnajua mambo yalivyo kikundi kinapotaka kufungua akaunti benki. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanaambiwa walete picha ndogo za pasipoti. Kijana wa kikundi anawasimamisha nje saa sita mchana, anapiga kwa simu, picha zinachapishwa Machakos mjini, na fomu zinarudi: sura hazionekani. Mama mweka hazina ana paji la uso linalong'aa, halafu macho ni mashimo mawili meusi. Nauli imekwenda, siku imekwenda.

Kuna jambo zito zaidi ya fomu. Tukimzika mzee au susu wa kijiji, mara nyingi picha inayowekwa mbele ya kitabu cha ibada ni ile ya kitambulisho, iliyokuzwa mpaka ikapoteza sura. Mtu ameishi miaka themanini, ameinua watoto na wajukuu, na hakuna picha moja nzuri ya kumkumbuka. Hili linaweza kurekebishwa na katoni, fito mbili na kamba ya mkonge, na ndiyo sababu nimeomba ukurasa huu.

Kwanza tuelewe kosa liko wapi. Watu husema, "Mimi ni mweusi sana, picha hainikubali." Hapana. Sisi hapa Muthetheni tuko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na mchana jua linasimama karibu juu ya utosi, hasa miezi ya Machi na Septemba. Mwanga ukishuka kutoka juu namna hiyo, nyusi zinafunika macho, pua inafunika mdomo, kidevu kinafunika shingo. Ni kama paa la nyumba linavyotia kivuli ukutani. Kamera haiwezi kuonyesha mwanga ambao haukufika machoni.

Ni kweli pia kwamba filamu za zamani hazikutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikizipa maabara za picha kadi yenye picha ya mwanamke mzungu ili wapimie rangi. Mafundi waliziita kadi za Shirley. Sura yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa, na ngozi nyeusi zijitegemee. Waliokuwa wakuu wa kampuni hiyo walieleza baadaye kwamba kilichowasukuma kurekebisha filamu zao ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, ambao rangi za kahawia za bidhaa zao hazikutofautika. Yaani chokoleti ilisikilizwa kabla ya watu! Simu za siku hizi zimeboreka sana, lakini hata simu ya bei kubwa itashindwa na jua la saa sita kama hukuisaidia.

Kuisaidia ni kurudisha mwanga kutoka chini uingie pale penye kivuli. Kifaa cha kazi hiyo mafundi wanakiita riflekta. Ubao mweupe ulionyooka unafanya kazi kiasi, lakini una kasoro.  Ubao ulionyooka ukishikwa upande mmoja unapeleka mwingi wa mwanga wake upande huo, basi shavu moja linang'aa na lingine linabaki gizani. Riflekta iliyopinda kama kata ya kibuyu inauzunguka uso kwa chini, na kila kipande chake kinaangalia usoni. Mashavu yote mawili yanapata, kidevu kinapata, na ndani ya macho panaonekana alama nyeupe kama mwezi mwandamo. Hiyo alama ndogo ndiyo inayofanya mtu aonekane yuko hai kwenye picha.

Sasa tutengeneze. Tafuteni katoni kubwa ngumu, kama ya televisheni au ya friji. Mkikosa, unganisheni mbili. Kateni kipande cha urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50. Angalieni mifereji iliyo ndani ya katoni: iende kwa upande mfupi, si kwa urefu. Hapo katoni itakunjika yenyewe bila kubishana nanyi. Kisha kwa mgongo wa kijiko chora mistari ya kugandamiza kila baada ya sentimita 5, kukingama na ule urefu. Usikate, gandamiza tu.

Leteni fito mbili mbichi za sentimita 130, unene wa kidole kidogo, za mti unaopindika bila kuvunjika. Asiyejua mti gani aulize yeyote anayesuka vikapu. Mianzi iliyopasuliwa inafaa pia. Zishoneni nyuma ya katoni, moja kila ukingo mrefu, kwa sindano ya gunia na kamba ya mkonge. Ncha zitokeze sentimita 5 kila upande.

Hapa ndipo ujuzi wa wazee wetu unapoingia. Wakamba ni watu wa uta, na riflekta hii ni uta. Fungeni kamba kwenye ncha moja ya ufito, pindeni, fungeni ncha ya pili, hata katoni yenyewe ibaki na nafasi ya sentimita 100 kutoka ukingo mpaka ukingo. Fanyeni hivyo hivyo kwa ufito wa pili. Katikati patakuwa na kina cha sentimita 28 hivi. Kwa vipimo hivyo, uso ukiwa karibu sentimita 58 kutoka katikati ya tumbo lake, yaani chini kidogo ya shibiri tatu, kila sehemu ya mpindo inakuwa umbali sawa na uso. Na mkipima mtaona kwamba huo ndio umbali wa kutoka magotini mpaka usoni kwa mtu mzima aliyeketi. Kwa hiyo hakuna haja ya stendi: anayepigwa picha anaipakata mwenyewe.

Upande wa ndani ubandikwe nini? Mimi nashauri karatasi nyeupe ya manila, ile ya shuleni, au shuka nyeupe kuukuu iliyovutwa vizuri. Nyeupe inatawanya mwanga kwa upole, na makunyanzi ya wazee yanabaki na heshima yake. Gundi ya unga wa ngano uliopikwa inatosha, ingawa panya nao wanaipenda. Vijana wengi wanataka foili ya jikoni kwa sababu inang'aa. Sawa, ina kazi yake siku ya mawingu mazito au jioni, lakini ikunjekunje kwanza mkononi kisha uinyooshe ndipo ubandike, mwanga usitoke kwa mabaka. Wengine mtakumbuka majiko ya jua ya katoni na foili, aina iliyopelekwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1995. Jiko lile linakusanya jua lote mahali pamoja mpaka chakula kiive. Sisi hatutaki kupika uso wa mtu! Foili isitumiwe kamwe kwenye jua kali mbele ya macho, hasa ya watoto. Na ndugu zetu wenye ualbino, ambao macho yao huumizwa na mwanga mkali, wapigwe kivulini kwa riflekta nyeupe tu.

Namna ya kukaa ina maana kuliko kifaa chenyewe. Mketisheni mtu barazani au mlangoni akiangalia nje, kichwa kikiwa kwenye kivuli cha paa na magoti yakiwa yanaona anga. Riflekta iwe magotini, tumbo likiangalia juu, ncha mbili zikiinuka kushoto na kulia. Ipokee mwanga wa anga, lakini jua lenyewe lisiigonge. Jua likiigonga moja kwa moja wakati uso uko kivulini, mwanga wa chini utazidi wa juu, na mtu ataonekana kama zimwi la hadithi lililoshika tochi chini ya kidevu. Kipimo ni kivuli cha pua. Kikielekea chini kidogo na kuwa chepesi, ni sawa. Kikipanda juu, sogezeni kiti ndani au shusheni riflekta.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea kutoka kwa kipande cha katoni. Udongo wetu ni mwekundu, na uwanja usio na nyasi unarudisha mwanga mwekundu chini ya kidevu na kwenye nguo nyeupe. Riflekta ikiwa magotini inauzuia.

Mpiga picha asimame mita moja na nusu au mbili mbele, simu ikiwa kwenye kimo cha macho, kisha avute picha karibu kidogo kwa simu. Akisogea sana, pua inakua kuliko masikio. Afute lenzi kwanza kwa kitambaa laini, kwa maana simu zetu hushikwa na mikono ya kazi. Agonge kioo cha simu pale penye uso ndipo apige, la sivyo simu itapima ukuta mweupe ulio nyuma na kuufanya uso mweusi. Mwenye miwani aivue, au ashushe riflekta kidogo, maana mpindo wote utaonekana kwenye vioo. Saa nzuri ni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi alasiri, lakini kwa njia hii hata saa sita mtafanya kazi.

Kikundi kikitaka kuifanya iwe mradi mdogo, anzeni na wazee wa jumuiya zenu ndogo ndogo, nyumba kwa nyumba, kabla ya kutafuta wateja sokoni. Malipo yaingie kwenye daftari la mweka hazina siku hiyo hiyo. Picha za watoto zisipigwe bila ruhusa ya mzazi au mlezi. Sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 inataka hivyo, na hata kama isingetaka, ni adabu. Zilizochapishwa zifutwe kwenye simu ya kijana isipokuwa mwenyewe ameomba zitunzwe. Nakala moja ya kila mzee ihifadhiwe kwa katibu, kwenye bahasha yenye jina.

Kifaa chenyewe kikae juu ya dari au kining'inizwe ukutani, mbali na moshi na mvua. Cha foili kisiachwe nje kimeangalia jua karibu na nyasi kavu. Baada ya kazi fungueni kamba upande mmoja ili fito zipumzike, jinsi uta unavyolegezwa ugwe wake. Zikiachwa zimevutwa wiki nzima zitapoteza nguvu, na mpindo hautarudi kwenye kipimo.