Reli ya Kindu Juu ya Meza

Ukiipunguza mara 64, reli ya kutoka Kindu hadi Kongolo, mashariki mwa Kongo, inabaki na urefu wa kilomita tano na nusu. Yenyewe ina kilomita 355. Hakuna nyumba Kasongo wala Kabambare yenye meza ya kuitosha, na hata kule Hamburg, Ujerumani, kwenye jumba la Miniatur Wunderland lililofunguliwa mwaka 2001 na ambalo njia zake za treni ndogo zinazidi kilomita 15, zimejengwa sehemu chache tu za nchi chache tu. Kwa hiyo kila anayeunda treni ndogo huanza kwa kuchagua: kituo kimoja, daraja moja, kona moja ya mto. Nataka nichague yetu.

Nimetaja 64 kwa sababu maalumu. Treni ndogo zinazouzwa kwa wingi zaidi duniani zimepunguzwa mara 87, na reli zake zina upana wa milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87 upate milimita 1435, upana wa reli za Ulaya, na pia wa SGR ya Kenya na Tanzania. Reli inayopita Kindu, Kibombo, Samba na Kongolo ni nyembamba zaidi: milimita 1067, sawa na TAZARA na reli za Afrika Kusini. Sasa chukua ileile njia ya milimita 16.5 uizidishe kwa 64. Unapata 1056. Pengo ni milimita 11 tu, ambalo kwenye kitu kidogo hata jicho la fundi halilioni. Waundaji wa Afrika Kusini na New Zealand waliligundua hilo zamani: hununua njia na injini zilizotengenezwa kwa ajili ya treni za Ulaya, kisha hujenga bodi za treni za kwao kwa kipimo cha 1 kwa 64. Mtu wa Wamaza anaweza kufanya hivyohivyo bila kukiomba kiwanda chochote kitengeneze treni ya mkoa wa Maniema.

Na treni hiyo inastahili kuundwa. Mwaka 1902 baroni wa Ubelgiji Édouard Empain alianzisha kampuni iliyojulikana kwa herufi CFL, reli za Maziwa Makuu. Wahandisi wake hawakushindana na mto Lualaba. Pale mto unapopitika waliweka meli, na pale penye maporomoko wakaweka reli. Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125 za kuzunguka maporomoko ya Boyoma, ilikamilika mwaka 1906. Kutoka Ubundu abiria alipanda meli hadi Kindu. Kutoka Kindu alirudi kwenye behewa hadi Kongolo ili kuyakwepa maporomoko na lile korongo liitwalo Milango ya Jehanamu. Kufikia 1911 kipande hicho kilikuwa kinafanya kazi. Kisha meli tena, kupanda mto hadi Bukama. Mwaka 1915 kipande cha Kabalo hadi Kalemie kiliufikisha mtandao huu kwenye Ziwa Tanganyika, na mwaka huohuo Waingereza walikitumia kusafirisha boti zao mbili za vita, Mimi na Toutou, kwenda kupigana na Wajerumani ziwani. Reli hizo zililazwa kwa jasho la watu ambao wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kazi hiyo.

Daraja la Kongolo lilikuja mwaka 1939, na mwaka 1955 ikafanyika kazi ambayo mimi huiona ya ajabu kuliko zote. Reli ya Kindu ilikuwa na upana wa mita moja kamili. Ili iungane na mtandao wa Katanga ilibidi ipanuliwe kwa milimita 67, kilomita baada ya kilomita, na vichwa vya treni na mabehewa yafuate upana mpya. Mwaka uliofuata Kabalo iliunganishwa na Kamina. Kwa kipimo cha 1 kwa 64, milimita 67 ni milimita moja nukta sufuri tano. Anayejenga kituo cha Kibombo cha mwaka 1954 na anayejenga cha 1956 wanatofautiana kwa unene wa kucha, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kama behewa la Maniema litafika Lubumbashi au halitafika.

Hapa ndipo treni ndogo inapoanza kufundisha sayansi. Watu wengi huamini kwamba treni hubaki relini kwa sababu ya ule ukingo wa ndani wa gurudumu. Ukingo ni akiba tu, wa kuzuia ajali. Kazi yenyewe hufanywa na umbo la gurudumu, ambalo ni nene kidogo upande wa ndani na jembamba upande wa nje. Jaribu nyumbani: chukua vikombe viwili vya plastiki vinavyofanana, viunganishe midomo kwa midomo kwa gundi ya karatasi, upate kitu chenye tumbo pana katikati na ncha nyembamba. Weka vijiti viwili vya mwanzi sambamba, viinamishe kidogo, uviringishe vikombe juu yake. Vikisogea kulia, upande wa kulia unagusa mwanzi kwa sehemu nene, unakwenda hatua ndefu kuliko wa kushoto, na vikombe vinajirudisha katikati vyenyewe. Sasa viunganishe matako kwa matako, tumbo liwe jembamba. Havifiki hata nusu ya njia, vinaanguka. Gurudumu la behewa linalopita Samba na vikombe hivyo vinatii kanuni ileile, na kwenye kona kanuni hiyo ndiyo inayoliwezesha gurudumu la nje kwenda mbali kuliko la ndani ingawa yote mawili yamefungwa kwenye ekseli moja.

Kuna kisichopungua vizuri, nacho ni uzito. Urefu ukipungua mara 64, ujazo hupungua mara 64 kwa 64 kwa 64, yaani zaidi ya mara 262,000. Kichwa cha treni cha tani 60 kinakuwa na gramu 229 hivi. Matokeo yake ni kwamba treni halisi, mvuke ukikatwa, huendelea kuteleza kwa kilomita kadhaa kwa nguvu ya uzito wake, lakini ndogo husimama papo hapo kama iliyogonga ukuta. Watengenezaji huweka ndani ya injini kijigurudumu kizito cha shaba kinachoendelea kuzunguka umeme ukikatika, ili treni isimame kwa heshima. Mwendo wenyewe ni rahisi kuukokotoa: kilomita 60 kwa saa kwa kipimo hiki ni sentimita 26 kwa sekunde. Wengi huziendesha kasi mno, na uzuri wote unapotea.

Umeme si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Treni nyingi za aina hii hutumia mkondo mnyoofu usiozidi volti 12, uleule wa betri ya pikipiki na wa paneli ndogo za jua zinazowasha taa na kuchaji simu huko kwetu. Hakuna haja ya invata. Ila betri ya pikipiki inaweza kutoa ampea nyingi ghafla, na msumari ukilala juu ya reli mbili kwa pamoja, waya unaweza kuungua. Weka fyuzi ndogo, ampea mbili zinatosha, karibu kabisa na betri, kabla ya kuunganisha kingine chochote. Bodi ya behewa haihitaji kununuliwa. Mikono ya watoto wa Kongo inayounda magari ya waya, makopo ya sardini na kandambili zilizochakaa ina ujuzi wote unaotakiwa. Inachokosa ni rula na namba 64.

Asiye na meza ana kompyuta, au ana jirani mwenye kompyuta. Mwaka 2001 zilitoka programu mbili za kuendesha treni kwenye kompyuta, zilizobadilisha starehe hii: Microsoft Train Simulator, na Trainz ya Australia. Leo kuna Open Rails na openBVE, zote za bure, ambazo mtu anaweza kuzipakua mara moja Kindu au Bukavu na kuzileta kijijini kwenye flashi. Nazipenda kwa sababu zinarudisha kile ambacho meza inakipoteza, yaani uzito.

Chukua mfano wa hesabu. Mabehewa yana tani 500, kichwa tani 60. Penye tambarare chuma juu ya chuma hakisumbui: kilo mbili hivi za nguvu zinatosha kuvuta tani moja. Ndiyo maana mchuuzi anayesukuma baiskeli yenye magunia kutoka kituoni kuelekea Kasongo anatoa jasho zaidi, kwa kila kilo aliyobeba, kuliko injini iliyomletea mzigo. Ukianza mlima wa mita mbili kwa kila mia, kila tani inadai kilo 20 za ziada. Tani 560 sasa zinadai kilo 12,320. Reli ikiwa kavu, magurudumu yanaweza kushika robo ya uzito wa kichwa, yaani kilo 15,000, na treni inapanda. Mvua ikinyesha, mshiko unaweza kushuka hadi asilimia 15, yaani kilo 9,000. Magurudumu yanazunguka pale pale na treni inasimama. Kwenye simuleta nzuri utayaona haya bila kuambiwa: sindano ya kasi inaruka juu huku miti ya dirishani haisogei. Dawa ni kupunguza nguvu kwanza, kisha kumwaga mchanga mbele ya magurudumu, na vichwa vya treni halisi hubeba mchanga kwa kazi hiyohiyo.

Breki zinafundisha subira zaidi. Breki ya upepo aliyoibuni George Westinghouse hufanya kazi kwa kupunguza hewa kwenye bomba linalopita treni nzima, na taarifa hiyo huchukua muda kufika behewa la mwisho. Mwanafunzi hufunga, anaona treni haipungui, anafunga zaidi, anaogopa, anafungua, anafunga tena. Kila akifungua na kufunga, matangi ya mabehewa yanatumia hewa ambayo hayajapata muda wa kuijaza. Mwishoni, kwenye mteremko, hakuna breki. Ni heri kulijua hilo ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki.

Starehe hizi mbili, ya meza na ya kompyuta, zina undugu wa zamani. Mwaka 1946 wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, walianzisha klabu ya treni ndogo, wakafunga chini ya meza yao mtandao wa relei za simu wa kuendesha njia na ishara. Baadhi yao walihamia kwenye kompyuta za mwanzo za chuo hicho, na Steve Russell, mwanachama wa klabu hiyo, ndiye aliyeongoza uundaji wa Spacewar!, mchezo wa kompyuta wa mwaka 1962.

Njia ya Kindu inaweza kujengwa ndani ya programu hizi kwa vipimo vya kweli. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu, Maniema yote ikiwemo, na data hizo ni za bure. Kila kilima kati ya Kindu na Kongolo kimo humo. Visivyokuwemo ni vile ambavyo rada haivioni: rangi ya kituo cha Kibombo, urefu wa jukwaa la Samba, mahali ambapo mafundi walichotea maji ya injini za mvuke. Vita vya 1998 vilikata safari, na treni ilirudi Kindu mwaka 2004. Katikati ya hayo karatasi nyingi zilipotea, na wafanyakazi wa zamani wa reli ni wazee sasa.

Kwa hiyo wewe unayevuka Lualaba kutoka Kasongo au Kabambare kwenda kusubiri treni ambayo haina saa maalumu, chukua futi ya kupimia na simu yako. Pima mlango wa kituo, pima dirisha, piga picha ukuta mzima ukiwa umesimama mbele yake katikati. Kama yupo mzee karibu aliyekuwa fundi au mpiga filimbi, muulize treni ya saa ngapi ilikutana na ipi, na wapi, kisha andika anachosema na tarehe uliyomsikia.