Chambo cha Panya: Kipi Kinalipa?

Mwaka jana baada ya mavuno nilipanga magunia manane ya mahindi katika chumba cha nyuma, hapa Morogoro. Wiki ya tatu nikaanza kukuta chenga chini ya magunia, na punje zilizong'olewa kiini huku sehemu iliyobaki imeachwa. Hiyo si kazi ya dumuzi. Dumuzi hutoboa tundu na kuacha unga. Panya huchagua kiini kwa sababu ndimo mlimo na mafuta, na kile asichokila hukikojolea. Nikaenda mjini kununua mtego mmoja. Nilirudi na vitu vitano, maana kila muuzaji alikuwa na chake, na kila kimoja kilikuwa "cha uhakika, bosi".

Kabla sijasema kipi kilifanya kazi, tupige hesabu ya adui. Panya wa nyumbani aliyekomaa hula takriban gramu 20 za nafaka kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 7 na ushee. Panya kumi wakikaa nawe mwaka mzima, robo tatu ya gunia imekwenda, na hapo hujahesabu kilichochafuliwa kwa mkojo na mavi. Shambani mambo ni makubwa zaidi: hasara ya mahindi inayotokana na panya nchini Tanzania imekadiriwa kuwa kati ya asilimia 5 na 15. Kwa hiyo mtu anayetenga shilingi 20,000 kwa ajili ya panya hafanyi anasa. Swali ni jinsi ya kuzigawa.

Wengi wetu huzigawa vibaya. Fedha zote huenda kwenye mtego au kwenye sumu, na chambo kinakuwa chochote kilichobaki mezani: ukoko wa ugali, kipande cha mkate, au, kituko kikubwa kuliko vyote, punje za mahindi. Hebu fikiria. Panya amelala juu ya magunia manane ya mahindi. Wewe unamwekea punje tano za mahindi juu ya kijibao chenye waya na springi, halafu unangoja atoke kwenye karamu aje kwenye makombo. Hatakuja. Chambo kinatakiwa kuwa kitu ambacho chumba chako hakina. Mwenye ghala la mahindi atafute mafuta na harufu. Mwenye duka la karanga au ufuta hana sababu ya kutega kwa karanga. Atafute samaki au kitu chenye maji. Ukishika hilo, nusu ya kazi imekwisha, na hujatoa hata shilingi.

Marekani wako watu wanaotega mbweha na koyote kwa ajili ya ngozi, na kwao chambo ni biashara kamili: kuna vichupa vya mkojo wa mbweha, tezi zilizosagwa, mafuta ya kicheche, nyama iliyooza kwa kipimo. Wao hutenganisha kitu cha kunuswa na kitu cha kuliwa, na hulipia vyote viwili. Sisi kwa panya tumebahatika. Kitu kimoja hufanya kazi zote mbili, na kinauzwa gengeni.

Kitu hicho ni karanga. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichopo hapa hapa Morogoro, kimekuwa kikichunguza panya kwa miongo kadhaa, na watafiti wake wanapotega panya mashambani hutumia zaidi karanga zilizosagwa zikachanganywa na pumba au unga wa mahindi. Hawana kiungo cha siri. Karanga hutoa harufu inayosafiri usiku, mafuta humshika panya, na pumba huufanya mchanganyiko ushikamane kama kitonge. Jirani zao wa APOPO, wanaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, huwalipa wanafunzi wao ujira wa ndizi na karanga. Magawa, panya buku aliyefundishwa hapa na kupewa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kutafuta mabomu Kambodia, alifanya kazi yote hiyo kwa malipo ya namna hiyo. Sijui ushahidi gani mwingine mnunuzi anataka.

Tazama na gharama. Mtego mmoja unahitaji kitonge cha ukubwa wa punje ya njegere, kama gramu moja. Karanga za shilingi 500, zikikaangwa kidogo, zikatwangwa kwenye kinu na kuchanganywa na pumba, zilinitosha wiki mbili kwa mitego sita, na zilibaki. Siagi ya karanga ya kopo hufanya kazi ileile, ila unalipia kopo, sukari na chumvi. Iache kwa ajili ya mkate.

Shangazi yangu wa Pangani hakubaliani nami. Nilipompigia simu kumwambia habari za karanga alicheka. "Mwanangu, panya wa kwetu hali karanga, anakula nazi." Kwao wanachoma kipande cha nazi juu ya makaa mpaka kianze kutoa mafuta, kisha wanakifunga kwa waya kwenye ulimi wa mtego. Nilijaribu, na lazima nikiri kwamba kwa jambo moja nazi inaishinda karanga: haibebeki kirahisi. Kitonge cha karanga panya mjanja anaweza kukilamba kidogo kidogo na mtego usifyatuke. Nazi iliyofungwa lazima aivute, na akivuta ameshanasa. Tena haiharibiki upesi. Kipande kimoja hukaa siku nne au tano. Kwa mtu wa pwani, ambako kifuu chenye mabaki ya nazi hakikosekani jikoni, gharama yake ni sifuri. Huku bara nililazimika kununua nazi nzima kwa ajili ya vipande sita, kwa hiyo nilipika na wali.

Dagaa nao wana watetezi, hasa kwenye maduka ya nafaka. Harufu yao ni kali na panya huwapenda. Tatizo ni kwamba sisimizi huwapenda vilevile, na asubuhi unakuta mtego umetegwa vizuri kabisa, dagaa hayupo, na mstari wa sisimizi unaelekea ukutani. Paka naye huja kunusa, na mtego wa springi hauchagui pua. Ukiamua kutumia dagaa, mfunge kwa uzi, na uweke mtego ndani ya boksi lenye tundu la kupita panya tu. Nyanya mbivu au kipande cha tango ni chambo ambacho watu hukidharau, lakini katika ghala kavu, miezi ya kiangazi, panya wa nyumbani anatafuta maji kuliko chakula.

Sasa sumu, ambako ndiko fedha nyingi hupotelea. Pakiti ndogo isiyo na jina, niliyouziwa barabarani kwa shilingi 1,000, ilikuwa na unga wa kijivu cheusi wenye harufu ya kitunguu saumu. Kwa rangi na harufu hiyo nadhani ilikuwa zinki fosfaidi. Sumu hii ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini, na panya, ambaye kwa maumbile hawezi kutapika, hana pa kuitolea. Huua ndani ya saa chache. Ni hapo muuzaji anapokudanganya bila kusema uongo, kwa sababu kufa upesi ndiyo kasoro yake. Panya aliyeonja kidogo tu akaumwa hukihusisha chakula hicho na maumivu, na hatakigusa tena. Nami nilipata mmoja usiku wa kwanza, halafu wiki nzima hakuna aliyegusa. Zaidi ya hayo, haina dawa ya kuipinga mwilini. Mtoto akiila, hospitali itapambana na dalili tu.

Sumu ya kundi la pili ni vile vipande vya nta vya rangi ya buluu, nyekundu au kijani, vyenye bromadiolone au brodifacoum kwa kiwango cha asilimia 0.005. Hizi huzuia damu kuganda, na panya hufa baada ya siku nne hadi saba. Kwa kuwa ugonjwa huja baadaye, panya haunganishi maumivu na chakula. Tena akirudi kwa wenzake, wao humnusa pumzi yake na kujifunza kwamba kile alichokula kinalika. Ndivyo panya wanavyofundishana mlo. Na dawa yake ipo hospitali: vitamini K1. Nililipa shilingi 4,000 kwa pakiti, na kwa ghala kubwa lenye panya wengi sioni kosa kuitumia, mradi vipande vikae ndani ya kisanduku kilichofungwa. Lakini kwa nyumba ya kuishi kuna bei isiyoandikwa kwenye pakiti. Panya hafii pale ulipomwekea sumu, hufia darini. Harufu ilitukaa siku tisa. Paka au bundi anayemla huyo mgonjwa naye hudhurika, na bundi, huyu tunayemfukuza kwa imani ya mkosi, ni mtegaji anayekufanyia kazi bure.

Ukinunua sumu yoyote, tafuta lebo yenye jina la kiuatilifu, kiwango chake na namba ya usajili. Tanzania anayesajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Pakiti isiyo na maandishi irudishe kwa aliyekuuzia, hata kama ni ya shilingi mia mbili.

Mikoa ya kusini wako ambao kwao mjadala huu wa sumu haupo kabisa. Masasi na Mtwara kuna watu wanaokula panya wa porini, na kwa mzaha wanawaita samaki nchanga. Mtu anayetega kitoweo hawezi kuweka sumu, basi amebaki na ujuzi wa mitego na chambo ambao sisi wa mijini tumeupoteza.

Gundi sitaipa maneno mengi. Kibao kimoja shilingi 3,000, hutumika mara moja. Changu cha kwanza kilinasa panya wawili wadogo, cha pili kilinasa mjusi na kifaranga cha jirani, ambacho nilikilipia. Wazee walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na gundi ndiyo inayoithibitisha methali hiyo kuliko mtego wowote. Tena panya hafi. Anakaa akilia mpaka wewe umwue. Vumbi la unga likitua juu yake, gundi imekufa yenyewe.

Kwa mtego, wa ubao wenye springi wa shilingi 2,000 unatosha. Kizimba cha waya cha 12,000 kinadumu miaka na ni salama penye watoto na kuku, lakini panya mkubwa wa nyumbani hukiogopa muda mrefu zaidi. Panya wa nyumbani ni mwoga wa kitu kipya chochote. Panya shamba, yule mdogo mwenye matiti mengi anayeweza kuzaa zaidi ya kumi kwa uzao mmoja, si mwoga hivyo, na huingia usiku wa kwanza. Kwa yule wa nyumbani weka mitego yenye chambo bila kuitega kwa siku tatu. Mwache ale, azoee, awaite na wenzake. Siku ya nne tega yote kwa pamoja. Iweke ukutani, upande wa chambo uguse ukuta, kwa sababu panya husafiri akipapasa ukuta kwa sharubu zake. Na usiuoshe mtego kwa sabuni ya manukato baada ya kunasa. Harufu ya panya haimkimbizi panya. Harufu ya sabuni ndiyo ngeni kwake.

Kwa njia hiyo nilinasa 14 katika wiki mbili. Mitego sita 12,000, karanga 500: kama shilingi 900 kwa kila panya, na msimu ujao nitanunua karanga tu. Gundi ilinigharimu 3,000 kwa panya mmoja, bila kuhesabu kifaranga. Sumu ya barabarani ilionekana rahisi kuliko zote mpaka ilipoacha kufanya kazi.

Hukumu yangu, basi, kwa mwenye shilingi 20,000 na chumba kimoja cha mahindi: mitego sita ya ubao, karanga za mia tano au nazi ya kuchoma ukiwa pwani, na fedha iliyobaki nunua saruji ya kuziba matundu na mbao za kuinua magunia kutoka sakafuni. Vipande vya nta viache kwa maghala makubwa. Na ukimtoa panya aliyekufa, shika kwa mfuko wa plastiki, si kwa mkono mtupu, kisha umfukie: mwili ukipoa viroboto huuhama, na Lushoto, ambako tauni ilizuka mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini, walijifunza hilo kwa misiba.